Mama Hagombi Tena

Mbwana alijifunga kanga ya mama yake, akaiegemeza simu kwenye kinu pale uani. Maelfu walimfuata mtandaoni kwa jambo moja tu: alijua kumwigiza mama akigomba. "We mtoto, maji unaoga au unachezea?" Mji mzima ulicheka. Hata muuza genge alimrushia mama maneno hayohayo alipokwenda kununua nyanya, na tangu siku hiyo mama hakugomba tena.

Leo Mbwana alihitaji maneno mapya. Mama alikuwa mkekani, anapeta mchele. Mbwana akafungua bomba makusudi, akasubiri. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatambaa hadi mkekani.

"Mama, huoni?"

"Naona, baba."

Akainuka, akafunga bomba, akarudi kwenye ungo wake.

Mbwana alisimama mbele ya simu, mkono kiunoni, hana la kuigiza. Mwishowe akaizima. Akaivua kanga, akamfunika mama mabegani, akachuchumaa mbele yake.

"Nigombeze basi, mama. Nimeizima."

Mama alifungua kinywa. Kisha akavuta pindo la kanga, akakiziba, macho yake yakiwa bado kwenye simu.