Kurasa Tisa Zilizopungua

Kila mara Sikudhani alipoijenga upya programu ya kuendesha milango ya bwawa, kompyuta ilikusanya maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo, yaani mistari ya amri za programu, na kuyapanga yenyewe kuwa kitabu cha mwongozo. Asubuhi hiyo mkuu wake, Bwana Luhende, alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Wakaguzi wanakuja kesho. Maelezo yenye alama ya ONYO yasitokee kitabuni."

"Lakini bosi, onyo la mlango wa tatu nililiandika mimi mwenyewe. Maji yakipanda haraka unakwama, mpaka ufunguliwe kwa mkono."

"Tutaurekebisha. Kwa sasa yafiche tu, hakuna kitakachofutwa."

Ni kweli, Sikudhani hakufuta kitu. Aliongeza mstari mmoja kwenye mipangilio, akaamuru programu ijengwe. Kazi ikapita bila kosa hata moja. Kitabu kikatoka kimepungua kurasa tisa.

Saa sita mchana akaingia Mzee Shomvi, mwendesha milango wa zamu, koti lake la mvua likichuruzika maji. Alikipima kitabu kiganjani, akacheka.

"Ahsante, mwanangu. Safari hii mmetuhurumia sisi wenye macho mabovu."

Sikudhani alifungua mdomo. Bwana Luhende alikuwa akimtazama kutoka mlangoni pa ofisi yake.

"Njia njema, Mzee," Sikudhani alisema.

Mzee Shomvi alikitia kitabu kifuani, akafunga vifungo vya koti hadi shingoni, kisha akatoka kushika njia ya kupanda bwawani.