Maana ya Ukuta wa Asumani

Kwa siku ya tisa mfululizo, Marthe alivuka barabara na sahani ya lituma iliyofunikwa kitambaa, akaingia kwa Asumani kutazama picha. Kadidja, aliyekuwa akikaanga mikate kwenye baraza ya jirani, akahesabu tena kwa vidole. Siku tisa, sahani tisa. Ni picha gani hiyo inayotazamwa kwa ndizi za kutwanga?

Mume wa Marthe, Émile, karani wa commune, ofisi ya mtaa, alikuwa ametoroka. Tangu waasi wa Simba wauteke mji, kila aliyewahi kushika kalamu ya serikali alikuwa anasakwa, na mtaa mzima wa Mangobo ulijua kwamba Émile alipanda mtumbwi alfajiri, akaenda kujificha Isangi kwa wajomba. Mke akabaki. Na Asumani, fundi wa kuandika vibao vya maduka, akaacha vibao, akajifungia sebuleni kuchora ukuta mzima wa mbao: miduara, pembetatu kama migono ya kuvulia samaki ya Wagenia, na katikati mraba mweusi wa masizi. Vyote alivifunga kwa mstari mmoja mwekundu usiokatika. Aliyeuliza maana aliambiwa kwamba watu wote ni wamoja.

Kadidja alikuwa na maana yake. Kilichomshinda ni Aziza, mke wa Asumani, aliyempokea Marthe kila siku kwa tabasamu, kana kwamba Mungu alimnyima macho.

Hata hivyo picha ilileta watu. Sebule ilijaa hadi magoti yakagusana, utadhani chumba chenyewe kimepungua, na wote hao walikula mikate.

Siku hiyo ya tisa, Marthe hata hajatua sahani, akaingia kapiteni wa Simba, majani kofiani, nyuma yake askari wawili. Alikuwa amesikia, alisema, kwamba kuna mtu anaandika siri za adui ukutani. Sasa aelezwe maana, na atakayemdanganya ataeleza upya mbele ya bunduki.

Asumani akaeleza huku jasho likimtiririka: duara ni dunia, pembetatu ni mafiga matatu ya jiko, mstari ni undugu. Kapiteni akaunyooshea fimbo mraba mweusi. Na hii?

Kabla Asumani hajafungua mdomo, Jafari mshonaji akamwokoa: hiyo ni Kaaba, kila Mwislamu anaijua. Hubert mvuvi akauliza Kaaba ya wapi, hicho ni kilindi cha chini ya maporomoko, pale wanapolala samaki wakubwa. Wakabishana mpaka Jafari akamwambia mwenzake kwamba kilindi ni kichwa chake, hakuna aliyewahi kufika chini akakuta kitu. Kapiteni mwenyewe akacheka. Akawakata kauli: hilo ni jeneza la ukoloni, limekwisha fungwa, linangoja kuzikwa. Wote wakakubali, tena upesi sana.

"Bon," akasema kapiteni. "Iko picha muzuri. Ng'oeni hizi mbao, tunapeleka ku état-major, kwa wakubwa."

Asumani akasimama mbele ya ukuta, mikono wazi. Marthe akasogea, akasimama kando yake. Kadidja, aliyekwisha ingia na beseni lake la mikate, akawatazama wote wawili, akawaza kwamba mapenzi haya yamekomaa. Angeacha wang'oe, halikuwa jambo lake. Lakini ukuta ukienda, watu nao wanaenda, mikate inalala kwenye beseni, na umbeya mtamu kuliko wote wa mwaka unakufa kabla haujaiva. Mdomo wake ukamtangulia.

"Papa kapiteni, usiguse," akasema. "Nyinyi muko na dawa yenu ya risasi, na masharti yake munajua. Hii ukuta nayo iko na yake. Ilisomewa hapa ndani, haivuke mulango. Mutu akiibeba inje, siku ya vita risasi haigeuke maji. Inabakia risasi."

Askari waliokwisha shika ubao wa kwanza wakauachia kama sufuria ya moto. Kapiteni akafikiri. Hakuna Simba anayechezea masharti.

Basi kama ukuta hauendi kwake, akaamua, yeye atauendea. Akavuta kiti, akakaa akiegemeza mgongo wake mpana kwenye mraba mweusi ili nguvu imwingie. Alikaa saa nzima, akala mikate kumi na miwili, akasimulia vita vile vile mara tatu, na kila mara maadui waliongezeka. Asumani hakuketi hata kidogo. Mwishowe kapiteni akainuka, akajinyoosha, akasema anajisikia simba kweli kweli, na kwamba kesho atarudi na kikosi kizima.

Watu wakatawanyika kabla hajabadili mawazo. Kadidja hakwenda mbali. Baada ya hofu kama ile wapendanao hawawezi kungoja; alilijua hilo kwa miaka mingi ya kutazama ya wenzake. Akazunguka ubavuni mwa nyumba, akabandika jicho kwenye ufa wa dirisha.

Asumani alikuwa mlangoni, akichungulia barabara huku na huku. Aziza alikuwa anatwanga kwa kelele nyingi, na kinu kilikuwa kitupu. Marthe alipiga magoti mbele ya ukuta na sahani yake iliyokwisha poa, akagonga mara mbili.

Mraba mweusi ukafunguka kwa ndani. Mkono ukatoka, ukapokea lituma.

"Marthe," ikasema sauti ya Émile, "kesho huyu kapiteni mumukalishe kwa duara. Mugongo yake inanikatia pumuzi."