Magunia Matatu ya Zamoyoni

Siku hizi taka haipotei. Mashine ya dampo inasoma alama za vidole kwenye kila mfuko na kila karatasi, kisha gari linamrudishia mwenyewe, akae nayo nyumbani kwake.

Mimi sikuwahi kuletewa hata karatasi ya pipi. Nyama naifuata buchani na bakuli langu, mafuta na chupa yangu. Majirani wananiita Bi Kikapu.

Kwa hiyo jana asubuhi dereva aliposhusha magunia matatu mlangoni kwangu, nilimjia juu.

"Umekosea nyumba, baba!"

"Shikamoo, mama. Si wewe Zamoyoni Mwinyimkuu? Haya yamefukuliwa chini kabisa ya dampo. Yana miaka thelathini na moja."

Nikafungua moja nimwoneshe kosa lake. Zilikuwa pampasi, zimekunjwa vilevile nilivyokuwa nikizikunja, na bata wa manjano kiunoni bado anacheka.

Nikakaa chini palepale mlangoni. Nilizaa mtoto mmoja tu, Shomvi. Aliishi miezi saba, na kaburi lake lilishapitiwa na barabara.

Dereva akaingiwa na wasiwasi. "Kama si yako, mama, nitayarudisha."

"Usiyaguse!" nikapiga kelele.