Moyo wa Mama katika Lugha Mpya

Sheria ilitaka kila moyo wa bandia uhamishiwe kwenye lugha mpya ya kompyuta ya kuuelekeza udundeje, kabla ya Ijumaa. Sekela, fundi wa kazi hiyo, alihangaika na moyo wa mama yake siku tatu. Lugha ya zamani iliuruhusu upunguze kasi pale tu pampu ya akiba inapofanya kazi. Lugha mpya haikuweza kusema "pale tu". Basi badala ya sharti hilo akaorodhesha mipangilio yote salama ya kasi na pampu, mmoja mmoja, akahesabu: arobaini na minane, idadi ileile iliyoruhusiwa na lugha ya zamani.

Akaiingiza moyoni mwa mama, akauwasha upya.

"Unadunda vilevile," mama akasema, akaomba ndizi. Sekela akacheka huku machozi yakimtoka.

"Na wakileta lugha nyingine, mwanangu, nawe hupo?"

Sekela akamsogezea sahani ya ndizi. "Kula kwanza, mama."