Jeki ya Kitandani

Pahalawani wangu hubeba tani tatu, naye hushinda kitandani, kajifunika kanga. Mafundi walitegeana kitendawili hicho kila asubuhi, na jibu gereji nzima wanalo: jeki mpya ya Machano, nyekundu, yenye magurudumu, aliyoiota miaka tisa kabla ya kuinunua.

"Mwari wako atatolewa lini?" Sudi, fundi mwenzake, alimuuliza leo pia.

"Siku tukipata sakafu ya saruji," Machano akajibu. "Simtoi akanyage matope haya."

Basi akachukua jeki yake kuukuu inayovuja, akalinyanyua gari, akaliegemeza juu ya mawe mawili, akaingia chini yake. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha ardhi. Jiwe moja likazama, gari likamlalia yeye na jeki yake.

Wanaume wanane walilishika gari lile wakashindwa. Machano alikuwa bado anaongea huko chini, taratibu. Sudi akakimbilia nyumba ya ng'ambo ya barabara.

"Shemeji, tupe jeki."

Mize, mkewe Machano, aliutazama uso wake, akaenda mbio kitandani. Fundo la kanga alilikaza mumewe mwenyewe. Ilibidi alifungue kwa meno.

Wakaitandikia jeki ubao. Mpini ulishuka mara saba tu, gari likainuka kama sufuria tupu.

"Baba Rehema," Mize akaita. "Limeshanyanyuka. Toka."

Wanaume walisimama na mikono yao yenye matope, wakitazamana ni nani atakayetangulia kuinama.