Mama Mwajuma Wawili

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alimkaribisha Baba Mwajuma kwenye darasa la uuguzi, akamwonya kwa sauti ya chini, "Mzee, waeleze wanafunzi yaliyompata marehemu mkeo, lakini muuguzi usimtaje." Akampa kiti chenye mto, kana kwamba mto ndio alioukosa mzee miaka yote miwili tangu msiba.

Hakukikalia. Alizungukazunguka, kisha akapanda kitanda cha mazoezi na viatu vyake.

"Wewe binti, nipe dawa."

Wanafunzi wakacheka. Nasemba, mwanafunzi aliyeambiwa, akachukua kikombe cha vidonge vya kujifunzia, akamwinamia.

"Shikamoo. Wewe ndiye Baba Mwajuma?"

"Marahaba. Ndiye."

Akampa. Mzee akavitazama vile vidonge, miguu ikimchezacheza.

"Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wodini walilazwa Mama Mwajuma wawili. Muuguzi aliita kwa heshima, 'Mama Mwajuma', mke wangu akaitika kwa heshima, akameza dawa ya mwenzake. Tausi binti Hamadi, jina lake kamili, lilikuwa kwenye faili, wala hakuna aliyemuuliza. Halafu nikaambiwa ni kazi ya Mungu."

"Mzee, tulikubaliana," mganga mfawidhi akasema.

"Muuguzi sijamtaja. Aliyesema ni kazi ya Mungu ni wewe."

Hakuna aliyecheka tena. Mganga mfawidhi akashika kitasa cha mlango, asitoke.

Nasemba akakichukua kile kikombe mkononi mwa mzee, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza upya.

"Shikamoo, baba. Jina lako kamili ni nani?"

Miguu ya mzee ikatulia. Binti akaendelea kulisubiri jina, kikombe kikiwa bado mkononi mwake.