Fuko wa Sadala

Katika bweni la shule moja palikuwa na sheria moja takatifu: kwenye gemu ya kadi ya simuni, kila mchezaji ana kadi moja ya nyumbani, na hiyo haiguswi. Sadala, bingwa wa utani, aliijua vizuri. Ndiyo maana alimtuma Fuko, kadi yake ya mnyama anayechimba chini kwa chini bila kuonekana. Fuko akaibukia nyuma ya ngome ya mwenzake Mkude na kuiba kadi yake ya nyumbani, Mwanamke wa Taa.

Bweni zima likacheka. Mkude hakucheka.

"Natania, bwana! Nakurudishia sasa hivi," Sadala akasema.

"Gemu hairudishi kadi iliyoibwa, kaka. Unajua." Mkude akazima simu yake. "Kadi ile niliirekodia sauti ya mama, wiki moja kabla hajafariki."

Kicheko kikakatika. Sadala, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata mbele ya mwalimu mkuu, akaigusa kadi ile kwenye simu yake akitafuta pa kuirudisha. Mwanamke akainua taa.

"Umeshakula, mwanangu?" ikauliza simu.

Sadala akaigeuza kifudifudi juu ya godoro. Mwanga mwembamba ukabaki pembeni mwake, ukisubiri jibu.